Barua Zinazongoja Siku ya Nne

Jina langu ni Dzigbordi. Kwetu maana yake ni subira, na yeyote aliyewahi kulala nami chumba kimoja atakwambia wazazi wangu waliharakisha kunipa jina kabla hawajanifahamu. Siku ishirini hivi za mwezi mimi ni mtu wa kawaida, nacheka, naazima sabuni na kuirudisha. Kisha zinakuja zile siku saba za kabla ya hedhi. Matiti yanauma, tumbo linajaa kama nimekula ugali wetu wa akple wa watu watatu, na kila mtu chuoni anaanza kupumua kwa kelele. Cha kwanza kuniudhi huwa mkanda wa sare. Cha mwisho huwa uuguzi wenyewe, na hapo ndipo ninapokaa kitandani, nikachukua kalamu na kumwandikia mkuu wa chuo kwamba naacha masomo.

Ya kwanza niliiandika nikiwa mwaka wa kwanza. Yayra, tunayekaa naye chumba kimoja mpaka leo, alinidaka mlangoni nikiwa nayo mkononi, nimevaa kiatu kimoja.

"Unaenda wapi na kiatu kimoja?"

"Kwa Madam Dotse. Naacha chuo."

"Sawa. Damu inakuja lini?"

Nilimtukana, naye akangoja nimalize. Kisha akaichukua barua, akaitia chini kabisa ya sanduku lake la chakula, chini ya kopo la shito, ile pilipili ya kukaanga, akafunga kwa kufuli. Akaniwekea kanuni. Barua itangoja hadi siku ya nne ya damu. Siku ya nne ikifika na bado nataka kuondoka, yeye mwenyewe atanibebea sanduku la nguo mpaka kituoni. Siku ya nne ilipofika nilikuwa nimekaa uani nasuka nywele za mtu, nikiimba. Tuliichana barua huku tukicheka.

Tangu hapo iliendelea hivyo, mwezi baada ya mwezi, mpaka bweni zima likajua. Wasichana wakinikuta nimenuna walikuwa wakimuuliza Yayra kama sanduku limeshafungwa. Hata wodini kwa Sista Ametefe, muuguzi msimamizi, habari ilifika, naye si mtu wa kuchekacheka. Sikujali. Kanuni ile iliniokoa mara nyingi, nami niliiamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

Mwaka huu wa tatu Yayra alichagua jambo hilohilo kuwa utafiti wake wa kumalizia chuo: dalili za kabla ya hedhi kwa wanafunzi wa uuguzi. Aliwagawia wasichana sitini fomu, kila mtu na namba yake. Mimi nilikuwa namba kumi na saba. Kila jioni baada ya chakula unaandika tarakimu, sifuri mpaka tatu: kichwa, tumbo, hasira, machozi, usingizi, kujilaumu. Alitusimamia ukumbini akatueleza kwa sauti ya ualimu ambayo sikujua anayo.

"Msingoje mwisho wa juma mkajaza kwa kukumbuka. Kumbukumbu ya mtu inadanganya. Andikeni siku ileile. Kinachokuja kabla ya damu na kuondoka damu ikija, hicho ndicho ninachokitafuta. Kinachobaki siku zote ni kitu kingine, na mwenye hicho nitamtuma kwa daktari."

Nilipiga makofi kuliko wote. Nilijaza kwa uaminifu siku tisa. Siku ya kumi ya mwezi wangu ilikuwa Jumatatu.

Nasisitiza ilikuwa siku ya kumi, kwa sababu ndiyo siku ninayokuwa bora kuliko zote. Sikuwa na hasira, kichwa kilikuwa chepesi, niliingia zamu ya alfajiri nikiwasalimia mpaka mafagio. Wodi ya wanawake ya upasuaji ina vitanda kumi na viwili, na asubuhi ile ilikuwa na kipimajoto kimoja kinachofanya kazi. Joto linapimwa saa kumi na mbili, kisha chati zinapangwa mezani kwa Sista, na ole wako daktari aingie kwa raundi saa mbili akute nafasi tupu. Niliwapima wagonjwa saba vizuri. Betri ikafa. Niliitoa, nikaisugua kwenye aproni, nikairudisha, haikuwaka. Nikaenda dirishani penye mwanga, nikapanga chati tano zilizobaki, nikaandika thelathini na sita nukta nane, tano mfululizo, nikaweka saini yangu. Wote wanafanya hivyo betri ikifa. Sijasema ni udhuru.

Kwenye kitanda cha kumi na moja alilala Mama Abla, muuza mihogo aliyepasuliwa ngiri siku nne kabla. Nilipopita kumtandikia aliniambia, "Mwanangu, leo kuna baridi." Ulikuwa mwezi wa Machi, kuta zenyewe zilikuwa zinatoa jasho. Nikamwambia, "Mama, baridi hiyo ni ya kukosa mume," akacheka, nikamfunika kitambaa cha pili na kwenda zangu.

Saa nne, Kafui wa mwaka wa pili akamsafisha kidonda. Jioni hapakupimwa mtu, wanafunzi wote tulikuwa kwenye mtihani wa majaribio. Jumanne alfajiri Mama Abla alikuwa na joto la thelathini na tisa na zaidi, kidonda kimevimba, na Jumatano usaha ukatoka. Sista Ametefe akatandaza chati mezani. Jumatatu alfajiri mgonjwa hana homa. Jumatatu saa nne Kafui anagusa kidonda. Jumanne homa. Na Kafui naye, kwa kutojua kudanganya, alikuwa amekwisha sema mwenyewe kwamba glavu yake ilichanika kidogo akaibadilisha katikati ya kazi. Basi ikawa imekwisha. Aliondolewa wodini siku hiyohiyo, na kamati ya nidhamu ikapangiwa Ijumaa ya juma la pili baada ya hilo. Watu walisema atafukuzwa.

Nililijua jambo hilo lote siku ileile, nami nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko tarakimu zenyewe. Nilikuwa na sababu nzuri, zote za mtu aliyetulia. Huenda kweli ilikuwa glavu. Huenda mama yule alisikia baridi ya uzee tu. Nikisema, Mama Abla atapona haraka zaidi? Hapana. Nimebakiza miezi mitatu, na mama yangu ameshanunua kitambaa cha kuvaa siku ya mahafali. Lakini kila jioni nilipoichukua fomu ya Yayra na kufika kwenye mstari wa kujilaumu, kalamu ilikuwa inakataa. Nikaiacha fomu chini ya mto. Siku ikapita, na nyingine.

Kisha zile siku saba zikafika kama kawaida yake. Jumanne ya juma la kamati nilikutana na Kafui kwenye ngazi za maktaba. Alikuwa amekonda.

"Dada Dzigbordi," aliniambia, "wewe unamjua Sista. Ukipata nafasi nisemee neno. Nilibadilisha glavu, kweli nilibadilisha."

Nilipanda chumbani nikagombana na pazia, nikamgombeza Yayra kwa kutafuna, nikalia, kisha nikakaa nikaandika. Kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Nilipomaliza nilikwenda mlangoni, na safari hii nilikuwa nimevaa viatu vyote viwili.

Yayra alikuwa amesimama hapo, mkono mbele.

"Lete."

"Yayra, leo niache. Hii si kama zile."

"Kila mwezi husema si kama zile. Mwezi jana ulisema hivyo kwa sababu ya uji."

"Nakwambia niache!"

"Siku ya nne, Dzigi. Tulikubaliana. Lete."

Hakuisoma, hajawahi kuisoma hata moja. Aliitia chini ya kopo la shito, kufuli ikalia. Ningeweza kumsukuma, maana yeye ni mwembamba na mimi nimelelewa kwa kubeba maji. Sikumsukuma. Mahali fulani ndani yangu, chini ya hasira zote, kulikuwa na mtu mdogo aliyefurahi kusikia kufuli ile, na mtu yule alikuwa mimi.

Alhamisi asubuhi damu ilikuja. Wanaojua wanajua: ni kama mtu amezima mashine ya kusaga iliyokuwa ikinguruma karibu na sikio. Nilioga, nikala mikate miwili ya abolo na samaki, nikapiga hesabu. Siku ya nne ingekuwa Jumapili. Kamati ilikuwa Ijumaa. Kanuni yenyewe ilikuwa imeniamulia, na mimi ni nani nivunje kanuni? Nilisikia amani tele kifuani, amani ambayo ningemwonea wivu mtu mwingine.

Jambo lililobaki lilikuwa fomu. Yayra alikuwa anazikusanya jioni ile. Nikaitoa chini ya mto, nikakaa mezani, nikajaza siku kumi na saba kwa mkupuo mmoja. Siku za katikati nikaziwekea sifuri, sifuri, sifuri. Juma la mwisho nikatia mbili na tatu ili ionekane ya kweli. Ilinichukua muda wa kuchemsha chai. Nikamkabidhi.

Alikaa kitandani kwake na rundo lake la fomu, akipanga kwa namba. Alipofika kumi na saba aliweka rundo kando. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akapitisha kidole nyuma ya karatasi.

"Hii umeijaza leo."

"Nimeijaza kila siku."

"Dzigi, siku tisa za kwanza wino ni mweusi na mwandiko unapanda na kushuka. Kuanzia ya kumi wino ni wa buluu, na sifuri zote ni mayai ya kuku mmoja. Namba kumi na saba naitoa."

"Itoe basi. Tarakimu tu hizo."

"Tarakimu tu?" Hakupaza sauti. "Wenzako wengine wamesahau siku mbili tatu, wakaacha nafasi tupu. Nafasi tupu naweza kuiandika kwenye ripoti. Hizi zako ni safi mno. Hukubahatisha, umefanya kama mtu aliyezoea. Nani alikufundisha?"

Angeniuliza swali hilo Jumanne ningemrushia kiatu. Ilikuwa siku ya kwanza ya damu, sikuwa na hasira ya kujifichia. Nikamwambia. Nilimweleza kuhusu betri, dirisha, zile thelathini na sita nukta nane tano, Mama Abla na baridi yake, na jinsi nilivyomtania. Nilimwambia kwamba kama ningempima asubuhi ile, homa ingeonekana kabla Kafui hajaamka, na dawa ingeanza siku moja mapema.

Yayra aliiweka fomu kitandani. Kisha akachukua ufunguo shingoni, akafungua sanduku, akatoa kopo la shito, akatoa barua.

"Hili ndilo lililokuwa humu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikaifungia." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea, na kweli nilikuwa nimemkosea. "Tangu Jumanne. Yule mtoto wa watu hapati usingizi, na mimi nimelalia ufunguo. Na wewe tangu asubuhi unakula abolo unaimba!"

"Kanuni ni yako."

"Usinitanie, Dzigbordi. Kanuni ilikuwa ya kukuzuia usiache kazi unayoipenda kwa sababu ya uji wa baridi. Haikuwa ya kukufichia." Akanitupia barua mapajani. "Soma. Kama ni ya siku zile tu, ichane. Mimi nitanyamaza mpaka kufa. Lakini isome ukiwa hivi hivi ulivyotulia."

Nilisoma. Nusu yake ilikuwa upuuzi mtupu: kwamba nachukia harufu ya dettoli, kwamba Sista Ametefe ana sura ya mlango uliofungwa, kwamba Yayra anatafuna kama mbuzi. Naomba radhi kwa yote hayo isipokuwa la mbuzi. Katikati kulikuwa na mistari minne. *Mimi ni mwongo. Sikumpima Mama Abla. Niliandika nikiwa dirishani. Kafui hana kosa.* Nikaitafuta ile hasira yangu ndani ya mistari minne, sikuiona. Damu ilikuwa imekuja, tumbo limeshuka, kichwa kimepoa, na mistari ilikuwa bado iko pale.

Nikajaribu kuandika nyingine, safi, isiyo na mbuzi wala mlango. Mtu aliyetulia anaandika vizuri sana. Ilitoka hivi: *Huenda palikuwa na upungufu katika utunzaji wa kumbukumbu kutokana na uhaba wa vifaa.* Nilipomsomea Yayra aliziba masikio. Nikaichana hiyo, nikaibakiza ile yenye matundu.

Ijumaa saa tatu nilibisha mlango wa kamati. Kafui alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni, magoti pamoja, sare imepigwa pasi mpaka inang'aa. Madam Dotse alikuwa katikati, Sista Ametefe kuliani kwake na jalada la chati. Niliweka barua mezani, nikasimama mikono nyuma.

Madam alisoma polepole. Alipofika kwenye mlango uliofungwa alimtupia jicho Sista, akaendelea. Kisha akampa. Sista alisoma, akaikunja.

"Madam, huyu tunamfahamu," alisema. "Siku zake zikikaribia huandika lolote. Chuo kizima kinacheka. Na ni rafiki wa wote, anataka kumwokoa mwenzake."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku zote niliogopa wasije wakaniamini.

Madam Dotse alivua miwani. "Barua hii umeiandika lini?"

"Jumanne, Madam."

"Ulikuwa katika siku hizo wanazosema?"

"Ndiyo, Madam. Nilikuwa na hasira na kila mtu."

"Na leo?"

"Leo ni siku ya pili ya damu. Nimetulia. Nimetulia kiasi kwamba jana nilitaka kuichana." "Msiniamini mimi, Madam. Tazameni chati za Jumatatu ile, kitanda cha nane mpaka cha kumi na mbili."

Sista akafungua jalada. Akatoa moja, ya pili, ya tatu, akazipanga upande kwa upande. Thelathini na sita nukta nane. Thelathini na sita nukta nane. Tano, wino mmoja, mkono mmoja, na chini ya kila moja saini yangu, na chini ya saini yangu saini yake yeye, aliyepitisha. Aliziangalia sana. Sista Ametefe alipitisha kidole juu ya saini yake, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

"Kafui," Madam alisema bila kugeuka, "rudi wodini kwako."

Kafui alinyanyuka akapita karibu nami. Nilitegemea anishukuru, nami niliogopa asije akanishukuru. Alinitazama mara moja tu, akatoka, na haki ilikuwa yake.

Mimi nilipewa miezi sita ya kurudia mazoezi ya wodi, wodi ileile, chini ya Sista yuleyule. Yayra atahitimu mbele yangu. Nililia sana kwa hilo, na sitasingizia mwezi. Mama yangu nilimpigia simu nikamwambia kitambaa akiweke, hakitaoza. Kwenye ripoti ya Yayra kuna mstari mmoja unaonihusu: mshiriki mmoja aliondolewa kwa kujaza fomu kwa mkupuo. Aliniuliza kama naona vibaya. Nikamwambia aache hivyo.

Jumatatu alfajiri nilianza upya. Sista alinipa kipimajoto na betri mbili mpya, akanihesabia mkononi. Nilianza kitanda cha kwanza. Nilipofika cha kumi na moja Mama Abla alikuwa ameamka, amekaa, amejifunga kitambaa chake cha pili mabegani.

"Umepotea, mwanangu."

"Nilikuwa na kesi, mama." Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yote yakanitoka. "Mama, siku ile uliyoniambia kuna baridi. Mimi sikukupima. Niliandika tu."

"Najua," alisema. "Nilikuona umesimama pale dirishani unaandika."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

Alinishangaa kidogo, kama mtu anayeulizwa kwa nini hakumfundisha kuku kutaga.

"Niseme nini? Nyinyi mmesoma. Nilidhani mnajua kwa kutazama."

Nilishindwa kuinua uso. Yeye akainua mkono mwenyewe, akanitegea kwapa, akangoja. Nikaweka kipimajoto, nikaushika mkono wake mpaka kikalia, nikakitoa na kukisogeza kwenye mwanga.

Kilionyesha thelathini na sita nukta nane.

Nikakifuta, nikampima tena.